Mwalimu Hakukusudia

Asubuhi ile Mwalimu alipanga viti, akavipangua, akavipanga tena, mpaka mwenzake wa dirishani, yule mama mnene anayekata tiketi na ambaye kila mtu humwita Tiketi, akashindwa kuvumilia.

"We mwanamke, unasubiri wageni au unasubiri wakwe?"

"Wote."

"Ala! Kumbe leo ndiyo leo?"

"Leo ndiyo leo. Mama yake anakuja."

Tiketi akapiga makofi kwa furaha, kisha akaonyesha kwa kidole. "Basi hicho chenye mguu mbovu kitoe hapo mbele. Usije ukamwangusha mama mkwe kabla hajawa mkwe."

Wakacheka, kiti kikatolewa.

Ilikuwa Siku ya Vizazi Vyote pale makumbusho. Jengo lenyewe si kubwa: kumbi mbili, ua, na stoo inayonuka dawa ya mchwa. Ndani yake huwezi kukuta dhahabu wala viti vya wafalme. Utakuta pasi za mkaa, redio za mbao, madawati ya shule ya kwanza ya mtaa, na picha za harusi za watu ambao wajukuu zao bado wanapita pale nje kwa baiskeli. Kabla Mwalimu hajaajiriwa, watu walikuwa wakiingia humo mvua inapowakuta njiani, basi. Yeye ndiye aliyeanzisha asubuhi za chekechea, ambapo watoto wanaruhusiwa kushika vitu kwa mikono yao. Akaanzisha mchana wa wanafunzi wa sekondari. Akaanzisha darasa la jioni la watu wazima waliokosa shule, wanaojifunza kusoma kwa magazeti ya zamani na vibao vya mitaa yao wenyewe. Na akaanzisha kikao cha wazee, kila mmoja aje na kitu kutoka nyumbani kwake, akieleze. Mara moja kwa mwaka aliwakutanisha wote ukumbini, kitukuu akakaa ubavuni mwa babu asiyekuwa wake, wakaelewana kuliko ndugu.

Kazi hiyo aliipenda hata wakati ambao hakuwa na kitu kingine cha kupenda. Maana Mwalimu aliwahi kuolewa, akaachika, akarudi kwao mtu wa maneno machache. Na mtaa mnaujua: mwanaume akiacha, kaacha, mwanamke akiachwa, ana kasoro.

Ndipo akaja Wino.

Wino ni mpiga chapa. Kiwanda chake, kama chumba kimoja chenye mashine mbili za kelele kinaweza kuitwa kiwanda, kinatazamana na lango la makumbusho. Vidole vyake havijapata kuwa safi tangu atoke shule, ndiyo asili ya jina. Alikuja siku moja kuleta mabango ya kikao cha wazee, akabaki kusikiliza mpaka mwisho. Wiki iliyofuata akaleta mabango ambayo hakuna aliyeyaagiza. Mwalimu akamuuliza, "Haya ya nani?" Wino akamtazama, akatabasamu, akasema, "Si ya mtu. Nilikosa sababu ya kuvuka barabara." Jamani! Hata wewe ungelegea.

Kikwazo kilikuwa mama. Mama yake Wino alikuwa mjane mwenye sauti yake mtaani, na alisema wazi, tena mbele za watu: "Mwanangu hajaoa hata mara moja, aanzie kwenye mabaki ya mwenzie? Kazi ya mwanamke yule ni kutunza vitu vilivyoachwa, na yeye mwenyewe kaachwa. Wabaki huko huko pamoja." Maneno hayo yalimfikia Mwalimu kabla jua halijazama, kama kawaida ya maneno. Aliyameza. Alimpenda mtu, angefanyaje?

Basi mama alishikilia msimamo, Wino akibembeleza, Mwalimu akisubiri, mpaka ikaja habari ya cherehani.

Cherehani ile ilikuwa ya marehemu mama yake mama, Bibi Mshonaji, aliyeishonea sare nusu ya mtaa. Mama aliipenda kuliko nyumba. Lakini ilikuwa na mwiba. Tangu zamani jirani mmoja alieneza kwamba si mali ya Bibi Mshonaji, kwamba aliiazima kwake kwa kazi ya siku chache, asiirudishe. Uongo mtupu, Bibi alikuwa ameinunua kwa jasho lake. Lakini uongo ulikua, ukapata wajukuu. Mama yake Wino alipigana shuleni kwa ajili ya cherehani hiyo, na utu uzima wake wote hakuizungumzia bila kukunja uso.

Sasa mama huyo huyo, bila kushurutishwa, alimtuma Wino aseme: "Mwambie huyo Mwalimu wako, kama anataka cherehani ya mama yangu kwa siku yake, nitampa. Nami nitakuja niieleze mwenyewe. Baada ya hapo tutakwenda kwao kuzungumza." Mwalimu alipoambiwa aliingia stoo, akajifungia, akalia katikati ya madawati mabovu. Kisha akatoka na kuandika maneno ya kadi ya maelezo ya cherehani, akiyapima moja moja: *Mali ya marehemu Bibi Mshonaji, aliyeinunua kwa jasho lake. Imeletwa na binti yake ili sote tuione.* Akampa Wino achape pamoja na kadi nyingine.

Wino aliingia na kadi hizo asubuhi ile, watoto wa chekechea wameshajaa ukumbini wanagombania kengele ya shule.

"Mwalimu wangu."

"Umechelewa, wewe."

"Mashine ilininunia. Ila ziko hapa, zinang'aa." Akamsogelea, akashusha sauti. "Umependeza."

"Nina vumbi mpaka kwenye kope."

"Hilo hilo vumbi."

Mwalimu akainamisha uso, maana watoto walikuwa wakiwatazama midomo wazi. "Mama vipi?"

"Ameamka anaimba. Sijamsikia akiimba tangu baba afariki. Amevaa ile nguo yake ya buluu." Wino akamshika ncha ya kidole, akakiacha mara moja. "Mwezi ujao tupo kwenu. Wewe anza kuwaonya shangazi zako wasituaibishe."

"Shangazi zangu hawaonyeki."

"Basi tutaaibika wote." Akamkabidhi bahasha. "Kadi nyingine zilikuwa ndefu mno, nimezibana maneno kidogo zienee."

"Wewe ndiye fundi."

Alikuwa akiifungua azitazame, pale mtoto mmoja wa kike alipomvuta gauni. "Mwalimu, mkojo." Na mkojo wa chekechea haungoji. Mwalimu akampa Tiketi bahasha atundike zile kadi, akakimbia na mtoto uani.

Mama yake Wino alikuja mchana, wazee wameshaketi, wanafunzi wa sekondari wako ukutani na sare zao, na watoto wadogo mbele kwenye mkeka. Mwalimu alimpokea mlangoni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Mama akamtazama juu mpaka chini, polepole, kisha uso wake ukalegea. "Kazi yote hii unaifanya peke yako?"

"Wananisaidia, Mama."

"Hawakusaidii. Nimeona macho yako, hujalala. Ukimaliza leo ulale, mwanangu."

Mwanangu! Mwalimu akamtafuta Wino kwa macho, akamwona karibu na dirisha, anacheka peke yake.

Mama alipewa zamu ya kwanza. Akasimama ubavuni mwa cherehani, akaweka mkono juu ya gurudumu, na nawaambia, yule mama mkali aligeuka mtu mwingine. Aliwaeleza watoto jinsi mama yake alivyokuwa akishona kwa mguu huku akimbembeleza mtoto kwa mguu wa pili. Jinsi alivyojua urefu wa kila mtoto wa mtaa kwa kumtazama tu. Watoto wakaruhusiwa kuzungusha gurudumu kwa zamu, mama akiwaongoza vidole vyao, "Taratibu, taratibu, bibi hapendi haraka." Mwalimu alimtazama akajiambia: nitampenda mwanamke huyu. Nitampenda kweli, si kwa ajili ya mwanawe tu.

Miongoni mwa wazee alikuwapo Bibi Miwani. Huyu alikuwa mwanafunzi hodari kuliko wote wa darasa la jioni. Alianza kusoma akiwa na mvi kichwa kizima, na tangu ajue, hakipiti kibao, karatasi ya dawa wala kopo la rangi asilisome kwa sauti. Mwalimu alikuwa akimjivunia sana. Bibi huyo alikuwa pia, kwa bahati mbaya, binti wa yule jirani aliyeeneza uongo wa cherehani.

Bibi Miwani akainuka. Akajikongoja mpaka kwenye kadi ya cherehani, akasukuma miwani yake juu ya pua, akaanza, kidole kikifuata herufi.

"Che-re-ha-ni. I-me-a-zi-mwa na... Bi-bi... M-sho-na-ji."

Akasita. Akairudia haraka, mara hii kwa mkupuo. "Imeazimwa na Bibi Mshonaji." Kisha akaangua kicheko, akapiga paja. "Haya jamani! Makumbusho imesema! Mama yangu kafa na dukuduku lake, leo ukweli umetundikwa ukutani! Imeazimwa! Asante, Mwalimu, nimejua kusoma kwa faida!"

Mama yake Wino hakuondoa mkono juu ya gurudumu.

"Binti," akamwambia mwanafunzi mmoja wa sekondari, kwa sauti ndogo sana, "hebu nisomee wewe."

Binti akasogea, akasoma. "Cherehani. Imeazimwa na Bibi Mshonaji."

"Kwa hiyo ndivyo ilivyoandikwa."

"Ndivyo, Mama."

Mwalimu alikuwa ameshafika mbele ya kadi. Hayakuwa maneno yake. Na palepale akaelewa yaliyotokea. Kuazima ni neno la pande mbili: aliyetoa kaazima, aliyechukua naye kaazima, na msikilizaji huchagua kwa moyo wake. Watu wa makumbusho wamelizoea kwa upande mmoja tu. Redio, imeazimwa na familia fulani. Pasi, imeazimwa na fulani. Maana yake wametuletea kwa muda, tutawarudishia. Kadi zote za siku ile zilisema hivyo. Wino alikuwa amebana maneno ya cherehani yafanane na mengine, yaenee, yapendeze. Jasho la Bibi Mshonaji lilikuwa limekatwa ili kadi ibaki na mistari miwili.

"Nani kaandika?" mama akauliza.

Macho yote yakamgeukia Mwalimu. Kadi ni za nani kama si zake?

Naye akamgeukia Wino. Alikuwa palepale dirishani, kidole gumba kikisugua wino kwenye kidole cha shahada. Macho yao yakakutana. Sema, Mwalimu akamwambia kwa macho. Sema tu, ni mimi nimebana maneno. Mama yako atakukaripia, utapiga magoti, mwezi ujao tutacheka. Sema, mpenzi wangu, ni neno dogo.

Wino akakohoa.

"Mama," akasema, "Mwalimu hakukusudia."

Mwalimu alisikia maneno hayo yakipita mwilini mwake mpaka nyayoni. Hakukusudia! Angenyamaza tu ingekuwa afadhali. Alifungua mdomo wake akamvika mwenzake kosa, tena kwa upole, mithili ya mtu anayemtetea.

Ulimi wa Mwalimu ulikuwa na jibu. Lakini angesema nini? Si mimi, ni mwanao? Nani angemwamini mtalaka anayemsukumia kosa kijana wa watu, mbele ya mama yake, mbele ya watoto? Na tena, niseme kweli yake, bado alikuwa akisubiri. Alidhani Wino atameza mate, aseme.

"Naomba radhi, Mama," akasema. "Kadi ni kazi yangu. Nilipaswa kuisoma kabla haijatundikwa."

"Radhi?" Sasa sauti ya mama ilipanda. "Mama yangu yuko kaburini. Radhi hiyo utampelekea nani? Nimekuja hapa na nguo yangu nzuri, nimekuletea kitu ambacho ndugu zangu wenyewe sijawahi kuwapa wakiguse, unaniandikia mama yangu mwizi? Mbele ya huyu?" Akamwonyesha Bibi Miwani, ambaye sasa kicheko kilikuwa kimemwisha na alikuwa akitafuta kiti chake. "Nilisema mimi! Nilisema mwanamke huyu ataniletea aibu, nikaambiwa nina roho mbaya. Aliachika kwa mumewe kwa sababu alizozijua yeye. Sasa nimezijua na mimi."

"Mama, watoto wanasikia," Tiketi akasema kutoka mlangoni.

"Wasikie! Si wamekuja kujifunza?" Akamgeukia mwanawe. "Wino. Beba cherehani."

Na Wino akaibeba. Cherehani ya chuma ni nzito, jamani, lakini aliibeba upesi, akaweka kidevu juu yake, akapita mbele ya Mwalimu bila kumtazama.

Mtoto mmoja wa chekechea akainua mkono. "Mwalimu, mbona wameondoka nayo? Mimi sijazungusha."

"Njoo, mama," Mwalimu akasema. "Njoo uone redio."

Akaendesha kipindi mpaka mwisho. Aliuliza maswali, alicheka palipotakiwa kicheko, aliwagawia watoto peremende mlangoni. Tiketi alisema baadaye kwamba afadhali angelia.

Wino alirudi jioni, Mwalimu akirudisha viti stoo.

"Mwalimu wangu."

Mwalimu akanyanyua kiti kingine.

"Nisikilize. Mama ana presha. Ungeona hali yake ndani ya gari. Ningemwambia pale ni mimi, angeanguka."

"Kwa hiyo nianguke mimi."

"Sikusema hivyo."

"Ulisema nini? Hebu rudia. Ulisema nini mbele za watu?"

Wino akakuna shingo. "Nilikutetea."

"Ulinitetea!" Mwalimu akaweka kiti chini kwa kishindo. "Wino, kubana maneno si dhambi. Hata mimi sikusoma kadi. Kosa hilo tungeligawana, tukaliomba radhi pamoja, likaisha. Mimi sikulilii kadi. Ulikuwa unanitazama. Nilikuangalia, ukaniangalia, ukajua ninachokuomba. Halafu ukasema Mwalimu hakukusudia."

"Ni maneno mawili tu."

"Ndiyo yatakayoniua hayo mawili."

"Nitamwambia. Nipe muda, nitamwambia polepole, akipoa."

"Akipoa lini? Tutakapokuwa na watoto? Siku mtoto akivunja sahani, utasema mama yake hakukusudia? Mimi nimeshaishi na mwanaume aliyekuwa akinisema mbele za watu, Wino. Nikamwacha aniache. Sikujua kwamba kuna aina nyingine, ya upole."

Maneno hayo yalimchoma. Wino akasogea, akataka kumshika mkono, na Mungu anajua Mwalimu alitamani kushikwa. Alitamani ile harufu ya wino na sabuni, alitamani kuweka paji la uso kifuani pale aseme basi, yaishe, nimesamehe. Mkono wake ulikuwa umeshaanza kunyanyuka.

"Ukinipenda utanielewa," Wino akasema.

Mkono ukarudi chini.

"Nimekuelewa," akasema Mwalimu. "Nenda nyumbani, mama yako asikungoje na chakula."

Wino alisimama kidogo. Kisha akaenda. Mwalimu akamaliza viti vyake, akafunga stoo, akatembea mpaka kwao akilia barabara nzima. Waliomwona waliulizana nani kafa.

Siku zikapita, mbaya zote. Mashine za ng'ambo ya barabara zilinguruma, zikanyamaza, zikanguruma. Mwalimu aliendelea na chekechea zake. Bibi Miwani alikuja darasani jioni moja, akakaa nyuma, akasoma somo zima kwa kunong'ona. Alipomaliza, akamwambia, "Mwalimu, mimi nilifurahi kusoma tu. Sikujua nasoma nini." Mwalimu akamwambia aendelee kusoma kwa sauti.

Asubuhi moja, akiwa anawaonyesha watoto pasi ya mkaa, Tiketi aliingia mbio. "Yupo hapa. Mama. Yule."

Mama yake Wino alikuwa kwenye benchi la uani, mikono mapajani. Hakuvaa buluu. Mwalimu akamwamkia, akaitikiwa, akaketi pembeni kwa mbali.

"Sogea," mama akasema. "Mimi si simba."

Akasogea.

"Nilimwona Wino hali kitu. Nikamletea chakula, anageuza geuza. Nikajua kuna jambo. Nikambana mpaka akatapika lote." Mama akavuta pumzi. "Kumbe maneno uliyoandika yalikuwa mengine. Nimeambiwa yalivyokuwa. Aliyeinunua kwa jasho lake. Uliandika hivyo?"

"Niliandika hivyo, Mama."

Mama akafunika uso kwa kanga. Alilia kimyakimya, mabega yakicheza, na Mwalimu, ambaye alikuwa ameapa kutolia tena mbele ya watu wa nyumba ile, akajikuta anamshika.

"Hakuna aliyewahi kumwandikia mama yangu maneno hayo," mama akasema. "Na mimi nikakutukana mbele ya watoto. Nikakusema ndoa yako. Mimi mwanamke mwenzio! Nisamehe, mwanangu. Sikuja kutafuta maneno. Nimekuja kusema nisamehe."

"Nimekusamehe, Mama. Nilishakusamehe. Ulimtetea mama yako, ungefanyaje?"

"Basi mengine yaishe." Mama akajifuta macho, akamshika mikono yote miwili. "Mimi nakutaka. Nasema kwa mdomo wangu, na nitasema mtaani kwa sauti ile ile niliyokutukania. Nakutaka uwe mkwe wangu. Tuje kwenu lini?"

Msomaji, fikiria. Mwanamke huyu alikuwa amelisubiri neno hilo muda wote ule. Aliliombea, aliliota, alilipikia matumaini. Sasa limekuja lenyewe, limeketi pembeni yake kwenye benchi, limemshika mikono. Mwalimu alisikia moyo wake ukifunguka dirisha baada ya dirisha. Atasema ndiyo. Mtu amekosea, amejuta, ameungama kwa mama yake. Binadamu gani asiyekosea?

"Yeye yuko wapi?" akauliza, na sauti ilikuwa imeshakuwa na kicheko ndani yake.

"Yupo nje kwenye gari."

"Kwenye gari?"

"Ameona haya. Kaniambia, Mama, tangulia wewe, mlainishe. Akikubali, nitaingia."

Ndani, watoto walikuwa wakimwimbia Tiketi wimbo wa kuhesabu, na Tiketi alikuwa akikosea kwa makusudi ili wacheke. Mama alikuwa bado amemshika mikono, anangoja, uso umejaa matumaini. Mwalimu akamtazama mwanamke yule, mkali, mwenye makosa, aliyevuka lango peke yake kuja kuomba radhi kwa mtu mdogo kwake, na akampenda kama alivyojiahidi siku ile ya cherehani.

"Mama," akasema, "ingekuwa naolewa na wewe, leo ningesema ndiyo."

Mama akamtazama Mwalimu. Kisha akatazama upande wa lango, kule gari lilikokuwa, na mikono yake ikalegea taratibu.

"Nisindikize," akasema.

Wakatoka wameshikana. Wino alipowaona wameshikana vile, uso wake ukawaka. Akaruka nje ya gari, akajipangusa vidole kwenye suruali, akazunguka mbio kufungua mlango. Alikuwa amekonda. Alikuwa mzuri bado, Mungu amsamehe, na kifua cha Mwalimu kilimuuma kama jino. Akasimama mbele yao, karibu sana. Mwalimu angeweza kunyoosha mkono akamtoa kile kipande cha karatasi kilichonasa nyweleni. Akangoja. Hata pale, hata dakika ile, alikuwa bado anangoja.

Wino akamtazama mara moja, macho yakamshinda. Akamgeukia mama yake.

"Mama," akauliza kwa sauti ya chini, "amesemaje?"